Siku Baba Alipouza Sukari Bila Karatasi

Juzi mgeni kutoka nyumbani aliniletea maziwa hapa Mombasa. Aliyapakata safari nzima, ndani ya chombo kilichosukwa kwa nyuzi na kufukizwa moshi, na nilipofungua kifuniko tu ile harufu ikanishika puani nikasahau hata kumkaribisha chai. Mgeni akacheka. Sijui kama nawe unayo harufu ya namna hiyo, inayoweza kukuvua miaka yote na kukurudisha ukiwa na sare ya shule, pekupeku, tope limekauka hadi magotini. Yangu ni hiyo. Nilikunywa nusu kikombe nikiwa bado nimesimama, na papo hapo nikawa Garsen, mtoto wa darasa la sita, mlangoni mwa duka la baba, nikimsubiri mama wa maziwa.

Basi kaa, nikusimulie.

Duka letu lilikuwa karibu na njia panda, pale mabasi ya Lamu na ya Malindi yaliposimama ili abiria wanyooshe miguu. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kufagia mbele, kunyunyiza maji vumbi lilale, na kumpokea mama wa maziwa. Ndivyo tulivyomwita sisi watoto. Alikuwa Muorma, jirani yetu wa upande wa malishoni. Wanaume wa boma lao walishinda mbali na kundi kubwa, yeye akabaki karibu na mji na ng'ombe wachache wa kukamua. Kati ya hao alikuwapo mmoja mwekundu, pembe zimepinda kwa ndani, ambaye alimpenda kuliko wote. Alimwimbia alipokuwa akimkamua. Wimbo ule niliujua sauti yake bila kuelewa hata neno, maana sisi ni Wapokomo, watu wa mto na mashamba. Kila asubuhi alifika na chombo chake mgongoni, akatumiminia maziwa kwenye sufuria, baba akampimia sukari na majani ya chai, kisha wakaulizana hali za watu wa nyumbani kwa muda mrefu kuliko biashara yenyewe.

Halafu ikaja ile mvua ambayo nchi nzima iliiita El Niño. Mto uliacha njia yake ukaingia mashambani, ukaingia barabarani, ukafika nyuma ya nyumba zetu. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikakatika, Garsen ikawa kisiwa. Wakubwa walikuwa na hofu, na walikuwa na sababu: mpunga ulizama, nyumba za udongo ziliyeyuka, mifugo ilisombwa. Lakini mtoto ni mtoto. Sisi tuliona mji mpya umezaliwa. Mitumbwi ilipita mahali ambapo jana yake ng'ombe walipita, samaki walivuliwa kwenye mtaro wa shule, na kila kishindo cha helikopta ya msaada kilitutoa mbio hadi uwanjani, tukipunga mikono kama watu wanaoaga wapendwa wao.

Nyanya, mama yake baba, alihamia kwetu wakati huo. Kijiji chake kilikuwa chini zaidi, upande wa Chara, na nyumba yake ilikwenda na maji. Alifika kwa mtumbwi, ameketi katikati ya kinu, vyungu, mikeka, kibuyu cha mbegu na kuku waliofungwa miguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Aliposhuka hakulia. Aliuliza tu nani atamsaidia kubeba kinu, kisha akalalamika kwamba mji wetu unanuka.

Na kweli ulinuka. Nyuma ya maduka kulikuwa na jalala ambalo kila mtu alilitumia na hakuna aliyelitazama. Maji yalilinyanyua lote yakatugawia. Asubuhi moja tulifungua mlango wa uani tukakuta makopo, mabetri ya redio, viatu visivyo na wenzake, na zaidi ya vyote karatasi. Tuliziita karatasi tu, ingawa zilikuwa mifuko ya nailoni, ile myembamba ya dukani. Zilikuwa zimejazana kwenye kizingiti, na kila tulipozisukuma kwa fagio, maji yalizirudisha.

Duka lilikwisha polepole. Sukari ilitangulia, ikafuata mafuta ya taa, mwisho kibiriti. Nikapewa kazi mpya niliyoipenda kupita zote: kuomba moto. Nilichukua kigae nikakimbia hadi kwa mama wa maziwa, ambaye boma lake lilikuwa juu ya mwinuko. Alinichagulia makaa mazuri, akayafunika majivu, nami nikarudi mbio nikipuliza, moshi machoni, roho juu, nikiogopa yasizimike kabla sijafika jikoni. Tulikula kambare, ndizi mbichi za kuchemsha na mahindi ya njano ya msaada, tukashushia kwa maziwa yasiyo na sukari. Mpaka leo sijui kama chakula kile kilikuwa kitamu au ni umri wangu uliokuwa mtamu.

Maji yalipopungua na barabara ikafunguka, lori la kwanza lilipokewa kama bwana harusi. Baba alishusha sukari, unga, miche ya sabuni, na mafurushi ya karatasi mpya kabisa, nyeupe zenye mistari ya buluu. Zilikuwa laini, na ukizisugua zilitoa sauti ya mvua ndogo. Baba alizitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta, akanipa mimi kazi ya kuzipuliza zifunguke kabla ya kutia bidhaa. Wateja walizifurahia, na hakuna aliyezifurahia kama Nyanya. Alidai moja kwa kila kitu, hata kwa kitunguu kimoja, akaziosha, akazianika kwenye kamba, akazikunja na kuziweka chini ya godoro lake. "Miaka yote nimesuka vikapu mpaka vidole vikapinda," aliniambia. "Kumbe kitu hiki kilikuwako, na hakuna aliyeniambia."

Nje ya chumba cha Nyanya lakini, karatasi hazikukunjwa. Mafuriko yalikuwa yameacha za zamani zikining'inia kwenye migunga na vichaka vya miiba vya mathenge, zimejaa matope, na mpya zikazifuata. Upepo wa alasiri ulizipeleka hadi malishoni. Sisi tulizikimbiza tukicheka.

Mwaka ule majani yaliota kuliko nilivyowahi kuona. Tope la mto lilikuwa limelisha ardhi, ng'ombe wote waling'aa. Ndiyo maana hakuna aliyeelewa kwa nini yule mwekundu anakonda. Tumbo lilikuwa kubwa lakini mgongo umetokeza mifupa. Akaacha kucheua, maziwa yakapungua mpaka yakakauka. Mama wa maziwa alimpa dawa za mitishamba, akamsomea dua, akamwimbia. Siku moja hakuja, nami nilipofika bomani na sufuria yangu nilimkuta ng'ombe amelala ubavu, na wanaume wa boma, waliokuwa wameitwa kutoka malishoni, wakiamua achinjwe kabla hajajifia.

Nilikuwapo walipompasua tumbo. Ndani yake mlikuwa na donge kubwa kama mtungi, gumu, la karatasi za nailoni zilizosokotana na kamba na matambara. Mwanamume mmoja alilisukuma kwa ncha ya fimbo kana kwamba lingeamka. Mama wa maziwa akachutama, akavuta kipande kimoja hadi kikatoka, akakimwagia maji, akakisugua kwa vidole. Mistari ya buluu ikaonekana.

Siku iliyofuata alikuja dukani bila chombo mgongoni.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama," baba alijibu. "Habari ya boma?"

"Boma mbaya." Akaitandaza ile karatasi juu ya kaunta, akailainisha kwa kiganja. "Hii imetoka tumbo ya ng'ombe yangu."

Baba aliitazama. "Nimesikia, mama, na nimeumia sana. Lakini karatasi hizi ziko kila duka."

"Mimi sinunui kila duka. Mimi nanunua kwako." Hakupandisha sauti. "Wewe umenipa, mimi nimetupa, yeye amekula. Mimi pia iko makosa. Sasa sitaki kupewa tena."

Akatoka. Baba alibaki ameshika kikombe cha kupimia sukari, na mteja aliyekuwa akisubiri ilimbidi amwite tena na tena. Kuanzia hapo maziwa hayakuja. Tulikunywa chai ya rangi, na hata mtu wa boma lao alipopita barabarani salamu zake zilikuwa fupi. Ukikulia kwetu utajua uzito wa jambo hilo. Kati ya watu wa mifugo na watu wa mashamba, salamu ndefu ndiyo uzio wenyewe unaozuia mabaya. Mama yangu alianza kusema tusipite njia ya malishoni jioni. Nami nilikuwa na huzuni ya kitoto ambayo haina siasa ndani yake: nilimkosa tu yule mama, na wimbo wake.

Sasa nikufikishe kwa mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa mwanamke mrefu, amehamishiwa kwetu muda si mrefu, anavaa raba nyeupe ambazo Garsen ilizigeuza rangi wiki ya kwanza. Habari za ng'ombe zilikuwa zimefika shuleni. Siku hiyo alituambia tuache vitabu, akatupeleka ukingoni mwa mto, mahali ambapo tope lilikuwa bado laini. Tukakuta nyayo za ng'ombe, za ndege, za watu, na mburuzo wa mkia wa mamba uliotufanya tukusanyike karibu na sketi yake.

"Hizi zitakaa mpaka lini?" akauliza.

Tukasema mpaka mto ukijaa, au mvua ikinyesha.

"Vizuri. Na nyumba zenu nazo zinatembea juu ya nchi, zinaacha nyayo. Kila kitu mnachotumia kimetoka mahali, na kikiisha kinakwenda mahali. Makaa ya mama yako yalikuwa mti. Sukari ilikuwa shamba la mtu, ikaja kwa lori linalokunywa mafuta. Mnavyotumia vingi, ndivyo mguu wa nyumba yenu unavyokuwa mkubwa. Nataka kuuona mguu wa kila nyumba. Kwa wiki moja msitupe chochote. Tieni kwenye gunia mniletee."

Sijawahi kuona darasa limechangamka vile. Tulikimbia nyumbani kama tumeambiwa tukatafute dhahabu. Wiki ile tulikuwa balaa majumbani. Tulipigania visoda, tulimnyang'anya baba betri lililokufa kabla halijapoa, tulihesabia watu wazima vijiti vya kibiriti. Mimi nilikwenda hata kwa Nyanya kudai zile karatasi zake za chini ya godoro. Akazikalia.

"Mwalimu amesema vilivyotupwa," alisema. "Mimi nimetupa nini?"

Nilipeleka malalamiko shuleni. Mwalimu alifikiri, akaamua kwamba Nyanya ana haki, akacheka mpaka akavua miwani.

Siku ya kuleta magunia, wazazi waliitwa. Tuliyamimina uwanjani, kila nyumba lundo lake, jua kali, inzi wakisherehekea. Mtoto mmoja wa wavuvi alileta mfupa wa samaki na kipande cha wavu, basi, tukampigia makofi. Lundo letu lilikuwa kubwa kuliko yote. Wenzangu waliimba, "La dukani! La dukani!" nami, kusema kweli, nilijiona mshindi mpaka nilipomwona baba. Alikuwa amekuja na shati lake la kwenda mjini. Akalizunguka lundo polepole, mikono nyuma.

"Mwalimu," alisema, "hii yote ni yangu?"

"Hii ni ya nyumbani tu, mzee," mwalimu alijibu kwa adabu. Akanyoosha mkono kuelekea vichaka vya nje ya mji, vilivyokuwa vimeota karatasi badala ya maua. "Za wateja wako ziko kule."

Baba alitembea nasi hadi nyumbani, tukala chakula cha jioni. Ndipo akamgeukia Nyanya, si mimi. "Mama, ile kazi ya vikapu, mikono yako bado inaikumbuka?"

"Mikono inakumbuka. Mimi ndiye sitaki."

"Siku ya mnada wa ng'ombe nitauza bila karatasi. Siku moja tu, nione. Lakini watu watahitaji kitu cha kubebea."

"Wewe umepata homa," Nyanya alisema, na mama yangu akakubaliana naye.

Lakini wakati huo mimi nilikuwa tayari nimetoka nje, nakimbia kuwaambia wenzangu.

Ndugu yangu, siku zile kabla ya mnada zilikuwa tamu. Kila tulipotoka shule tulikwenda kukata makuti machanga ya mikoma, tukayabeba vichwani, tukayachana kuwa miyaa ya kusukia na kuyaanika juani. Uani kwetu kukageuka kiwanda. Nyanya aliketi juu ya mkeka katikati, ananung'unika kuhusu vidole vyake, lakini hakuweza kuvumilia kuona kazi mbaya. Akampokonya huyu, akamfumulia yule. "Mkono wako unakimbilia wapi?" ndiyo kauli yake, na mpaka leo nikifanya kitu kwa papara naisikia. Wavulana, waliodai kusuka ni kazi ya wanawake, walisuka vikapu vizito kama ngome. Vyangu vililala upande. Harufu ya miyaa mibichi, sauti ya ukili ukipita vidoleni, vicheko, na Nyanya akisimulia jinsi alivyomchagua babu kwa sababu ya kikapu alichokuja nacho sokoni. Mwalimu naye alikuja, akasuka kibaya kuliko sisi wote, akakining'iniza darasani kwa fahari.

Siku ya mnada ikafika. Garsen siku hiyo hujaa. Ng'ombe walikuwa wakilia tangu alfajiri, vumbi limesimama juu ya mji, watu wametoka Ndera, Chara na mbali zaidi. Baba aliung'oa ule msumari wa karatasi ukutani kabisa, ili asishawishike. Tukavipanga vikapu mlangoni. Mpango ulikuwa rahisi: chukua kikapu, beba vitu vyako, kirudishe utakapokuja tena.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Baba akampimia sukari kwenye mizani.

"Karatasi?"

"Leo hakuna. Chukua kikapu, nimekutandikia gazeti ndani."

"Nibebe kikapu kama naenda kuchuma mboga?" Akatazama huku na huku, akavuka barabara hadi duka la ng'ambo, ambako karatasi zilikuwa zikipepea mlangoni kama bendera.

Wakamfuata wengine. Mmoja aliuliza kama tunataka abebe sukari mdomoni. Mwingine alidhani baba amefilisika, akampa pole. Mwenye duka la ng'ambo alisimama mlangoni, amejishika kiuno, anatabasamu. Walikuwapo walioelewa, wakachukua, na kila kikapu kilipotoka sisi tulikisindikiza kwa macho mpaka kikapotelea kati ya watu. Nyanya, aliyekuwa ameketi kizingitini akiendelea kusuka, alianza kuchukua mambo hayo kama tusi kwake binafsi. "Njoo, mwanangu," alimwita kijana mmoja. "Kikapu hiki nimekisuka kwa vidole vibovu. Ukikikataa usingizi wako utakuwa mzuri kweli?" Kijana alikichukua akaondoka haraka.

Adhuhuri ilipofika sukari ilikuwa bado imejaa ndani ya gunia. Baba aliketi juu ya kiti chake, mikono kifuani. Mama yangu alipita akaviangalia vikapu, akaenda zake jikoni. Niliona dhahiri jinsi kesho msumari utakavyorudishwa ukutani.

Ndipo nilipowaona. Mnada ulikuwa umevunjika, habari ya vikapu ilikuwa imefika huko, na wanawake wa Kiorma walikuwa wanakuja kwa barabara ya malishoni, kundi zima, nguo zao zimeshika rangi ya vumbi, kila mmoja na chombo chake, vibuyu, vikapu vya ngozi, masufuria. Mbele yao alikuwa mama wa maziwa. Alipita duka la ng'ambo bila kuligeukia. Akaingia kwetu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama." Baba alisimama.

Akaweka chombo cha kusukwa juu ya kaunta, pale pale alipokuwa ametandaza ile karatasi. "Pima sukari. Weka hapa."

Baba akapima.

"Majani ya chai." Akakunjua ncha ya leso yake. "Weka hapa."

Baba akaweka, naye akafunga fundo. Kisha akautazama ukuta nyuma ya baba, lile tundu dogo la msumari. Akalitazama sana.

"Karatasi iko wapi?"

"Hakuna."

"Kesho?"

Baba alilitazama gunia la sukari. Alikuwa ameahidi siku moja tu, ametujulisha sote, na siku yenyewe ilikuwa imemwendea vibaya. Nyanya aliacha kusuka.

"Kesho pia hakuna, mama," baba alisema. "Hakuna tena."

Mama wa maziwa akageuka, akasema maneno machache kwa Kiorma. Wanawake wakaingia. Waliingia wakajaza duka, wakafika nje, wakafika mpaka barabarani, nasi watoto tukawa tunakimbia kati ya gunia na mizani, unga huku, chumvi kule, sabuni mikononi. Waliokosa vyombo walichukua vikapu vyetu, wakavigeuzageuza, wakamsifu Nyanya kwa lugha ambayo hakuielewa na ambayo aliielewa kabisa. Watu wa mjini, walipoona msongamano, wakaja kuona kuna nini, nao wakanunua. Hata kile kikapu changu kilicholala upande kilipata mtu. Nilikuwa nimelowa jasho, sauti imenikauka, na sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile katika maisha yangu, harusi yangu ikiwemo.

Asubuhi yake nilikuwa nafagia niliposikia hatua. Ni mama wa maziwa. Alimimina maziwa ya ng'ombe mwingine, mweusi, machache. Baba akamuuliza habari ya boma. Akaanza kumjibu, na jibu lilikuwa refu, nami nikachelewa shule.

Sitakudanganya kwamba mji wote uligeuka. Duka la ng'ambo liliendelea na karatasi zake miaka mingi. Baba alirudia magazeti na mifuko ya kaki, na wateja wengine aliwapoteza moja kwa moja. Vikapu vingi havikurudishwa, ikabidi tusuke vingine, mpaka Nyanya akagoma. Lakini sisi watoto tulikuwa tumenogewa. Tuliokota karatasi vichakani baada ya kila mnada tukazisokota kuwa kamba na mipira ya kuchezea, na Nyanya mwenyewe, baada ya kubembelezwa sana, alitoa zile za chini ya godoro ili timu ya darasa letu ipate mpira wa maana. Tulishindwa mechi hiyo vibaya. Alisema tumechezea mali yake.

Maji yalipokauka kabisa alirudi kijijini, wakamjengea nyumba nyingine ya udongo, akaishi humo mpaka mwisho wake. Duka baba aliliuza alipochoka. Mama wa maziwa alihama na watu wake katika ukame mmoja, na njia yao ya malishoni imemezwa na mathenge kiasi kwamba mgeni hawezi kujua kama palikuwa na njia. Siku hizi Garsen mtoto hatumwi kuomba moto. Kuna gesi, na jirani unaweza kukaa naye miaka bila kujua jiko lake liko upande gani. Serikali ilipopiga marufuku ile mifuko, nilisikia redioni nikiwa napika. Nikainua simu kwa furaha nimpigie mtu, na nikabaki nimeishika, maana wote niliotaka kuwapigia hawakuwako.

Mwaka jana nilikwenda Chara kutafuta mahali ilipokuwa nyumba ya Nyanya. Nilidhani nitapatambua hata kwa kufumba macho. Nilitembea huku na huku katikati ya mahindi mabichi, nisijue mlango ulikuwa wapi wala jiko lilikuwa wapi. Mama kijana anayelima pale akaniambia amepindua udongo ule misimu mingi na hajawahi kukuta kitu, si chupa, si kopo, si chochote.

"Kweli hapa paliishi mtu?" akaniuliza.

Nikamwambia paliishi, tena miaka mingi, tena mtu wa maneno mengi. Akatazama chini kati ya miguu yake, kisha akasogea kando na jembe lake, akaniachia nafasi nisimame.